DNA katika seli za wanyama zilizokaushwa kwa kugandishwa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa chenyewe na sababu ya kukichagua

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika maabara ya chuo kikuu kimoja nchini Japani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Majina ya watafiti na ya chuo chao yameachwa kwa makusudi, kwa kuwa shabaha ya uchambuzi huu ni kufuata uamuzi mmoja baada ya mwingine na kuona kila uamuzi ulizaa nini. Watafiti hao walichukua seli za kawaida za mwili wa panya, wakazigandisha na kuzikausha mpaka zikafa zote, wakazihifadhi katika baridi ya kawaida ya friza kwa muda uliofika miezi 9, kisha wakazalisha panya hai kutokana na viini vya seli hizo zilizokufa.

Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe, na ilistahili. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kutunza sampuli za wanyama kwa miaka mingi, kisa hiki kina fundisho lililo gumu zaidi kuliko shangwe hiyo. Panya aliyezaliwa anathibitisha kwamba kiini kimoja kati ya vingi kilikuwa na DNA inayotosha kujenga mwili. Hathibitishi kwamba DNA ya sampuli nzima ilihifadhika. Mambo hayo mawili yakichanganywa, mhifadhi anaweza kujaza kabati zima vichupa asivyojua hali yake, akaja kugundua ukweli siku ambayo mnyama aliyetoa seli hayupo tena duniani.

Usuli

Njia inayoaminika kwa sasa ya kutunza seli za wanyama ni kuzizamisha katika kimiminika cha naitrojeni, katika nyuzi 196 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Katika baridi hiyo mmenyuko wa kikemia karibu wote husimama. Ushahidi wake ni mzuri: mwezi Agosti 2020 alizaliwa Marekani mwanafarasi wa Przewalski kutokana na seli zilizogandishwa mwaka 1980, na hivyo seli hizo zilikuwa zimekaa katika baridi kwa takriban miaka 40.

Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba naitrojeni haikai. Inavukiza mchana na usiku, na mtungi usiojazwa upya huishiwa hata kama haujaguswa na mtu. Mtaalamu yeyote wa uhimilishaji wa ng'ombe katika Afrika Mashariki analijua jambo hili bila kuelezwa, kwa sababu mtungi ukikauka kabla ya gari la kujaza kufika, mbegu zote zilizomo zimekwisha. Benki kubwa ya seli inakabili hatari ileile kwa kiwango kikubwa zaidi, hasa pale tetemeko, mafuriko au kukatika kwa umeme kunapozuia usambazaji kwa siku nyingi. Watafiti wa kisa hiki walitaja gharama na majanga kuwa ndiyo sababu ya kutafuta njia isiyohitaji naitrojeni.

Ukaushaji kwa kugandisha ulikuwa mgombea wa wazi. Sampuli hugandishwa kwanza, kisha huwekwa katika ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, na barafu yake ikageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Hatua ya pili ya ukaushaji huondoa maji machache yaliyobaki yameshikamana na molekuli. Kinachosalia ni unga au kipande chepesi kinachoweza kufungwa ndani ya kichupa na kusafirishwa bila barafu.

Mwaka 1998 watafiti huko Hawaii walionyesha kwamba mbegu za kiume za panya zilizokaushwa kwa njia hii, ijapokuwa hazikuwa hai tena, ziliweza kudungwa ndani ya yai na kuleta panya wazima. Mbegu za namna hiyo zilipelekwa mwaka 2013 katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na sehemu ya mwisho ilirudishwa duniani mwaka 2019 baada ya miaka 5 na miezi 10. Nazo zilileta watoto wenye afya. Kwa mbegu za kiume, basi, swali lilikuwa limejibiwa kwa kiasi kikubwa.

Kwa nini watafiti hawakuridhika na mbegu? Kwa sababu mnyama anayehitaji kuokolewa mara nyingi si yule anayeweza kutoa mbegu. Anaweza kuwa jike, mtoto, mzee, tasa, au mzoga uliopatikana asubuhi. Kifaru mweupe wa kaskazini ni mfano ulio karibu nasi: dume wa mwisho alikufa mwezi Machi 2018 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, wakabaki majike wawili, na sehemu kubwa ya utofauti wa vinasaba vya jamii hiyo leo imo katika seli za ngozi zilizogandishwa miaka iliyotangulia. Seli ya ngozi hupatikana kwa karibu kila mnyama. Ndiyo maana uwezekano wa kuikausha una uzito mkubwa.

Lakini seli ya ngozi si mbegu ya kiume, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha kisa chote. Ndani ya kichwa cha mbegu, DNA imefungwa na protini ndogo ziitwazo protamini, ambazo huikaza sana na kuiacha na nafasi chache za kushambuliwa. Ndani ya seli ya kawaida ya mwili, DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kwa ulegevu unaoruhusu jeni kusomwa wakati wowote. Ulegevu huo ni hitaji la uhai. Maji yanapoondolewa, huwa udhaifu.

Mfuatano wa matukio

Watafiti walichagua aina mbili za seli za mwili wa panya: seli zinazolizunguka yai kabla ya kutungwa mimba, na faibroblasti, ambazo ni seli za tishu unganishi. Aina ya kwanza hutoka kwa majike tu, ilhali ya pili hupatikana kwa jinsia zote mbili. Seli ziligandishwa, zikakaushwa katika ombwe, na kuhifadhiwa katika nyuzi 30 chini ya sifuri.

Zilipotolewa na kurudishiwa maji, hakukuwa na seli hata moja iliyokuwa hai. Utando wa seli ulikuwa umevunjika, na vipimo vya DNA vilionyesha kwamba madhara ndani ya kiini yalikuwa yameongezeka kwa kiasi kikubwa kikilinganishwa na seli ambazo hazijakaushwa. Katika maabara nyingi za uhifadhi, hapa ndipo sampuli ingeandikwa kuwa imeharibika.

Wao waliendelea. Waliondoa kiini cha yai la panya, wakaingiza mahali pake kiini cha seli iliyokaushwa, wakaliamsha yai lianze kugawanyika. Baadhi ya mayai yalifika hatua ya blastosisti, ambayo ni mpira mdogo wa seli unaotangulia kujipandikiza katika mji wa mimba. Kutokana na blastosisti hizo walianzisha mistari ya seli shina, yaani seli zinazoendelea kugawanyika katika chombo na zenye uwezo wa kuwa tishu yoyote ya mwili. Baada ya hapo walichukua viini vya seli shina hizo na kurudia uhamishaji wa kiini kwa mara ya pili, ndipo viinitete vilivyopatikana vikapandikizwa kwa panya jike wa kubeba mimba.

Maamuzi makuu na mantiki yake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotupa seli zilizokufa. Ulikuwa na msingi. Mwaka 2008 kondoo walikuwa tayari wametoa ushahidi wa aina hii: seli zao nyeupe za damu, zilizokaushwa kwa kugandishwa na kuwekwa katika joto la kawaida la chumba kwa miaka 3, ziliweza kuongoza ukuaji wa kiinitete hadi hatua ya blastosisti baada ya viini vyake kuhamishiwa katika mayai. Mwaka huohuo, huko Japani, panya walizalishwa kutokana na viini vya mizoga iliyokuwa imegandishwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa miaka 16 bila dawa yoyote ya kinga. Matokeo hayo mawili yalisema jambo moja: uhai wa seli na uzima wa DNA yake ni vitu viwili, na cha kwanza kinaweza kupotea kikakiacha cha pili.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuihifadhi sampuli katika nyuzi 30 chini ya sifuri badala ya kuiacha katika joto la chumba. Kwa mtazamo wangu huu ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote, ijapokuwa ulipunguza mvuto wa habari. Baridi hiyo hupatikana kwa friza inayotumia umeme wa kawaida, haihitaji naitrojeni, na hupunguza kasi ya mmenyuko wa kikemia ambao ukavu peke yake hauwezi kuusimamisha.

Uamuzi wa tatu, wa kupitia seli shina badala ya kupandikiza kiinitete cha kwanza moja kwa moja, ndio uliobeba matokeo. Njia hii ilikuwa imetumika kwa panya wa mizoga iliyoganda, na mantiki yake ni kwamba kiini kilichoathirika kinapewa muda. Katika chombo cha maabara, seli zenye madhara makubwa hufa au hushindwa kugawanyika, na zile zilizofanikiwa kurekebisha DNA yake huongezeka. Watafiti hupata seli nyingi kutoka katika kiini kimoja kilichonusurika, na wanaweza kujaribu mara nyingi. Njia hii si ya bure, na bei yake nitairudia katika uchambuzi.

Matokeo

Walizaliwa panya 75. Kiwango cha mafanikio kilikuwa kati ya asilimia 0.2 na asilimia 5.4, kutegemea mstari wa seli. Majike 9 na madume 3 kati yao walipandishwa na panya wa kawaida ili kupima uwezo wao wa kuzaa, na majike wote walipata watoto. Kwa kipimo cha afya na uzazi, wanyama hao walikuwa wazima.

Tukio moja halikutarajiwa. Katika mstari mmoja wa seli uliotokana na panya dume, walizaliwa majike. Kromosomu Y, yaani kifungu cha DNA kinachomfanya mnyama awe dume, ilikuwa imepotea njiani, na panya mwenye kromosomu X moja pekee hukua akawa jike.

Uchambuzi: vipindi viwili vya uharibifu

Nianze na jambo ambalo kisa hiki kinalionyesha waziwazi lakini halizungumzwi vya kutosha. Katika seli iliyokaushwa, DNA hukabiliwa na uharibifu wa vipindi viwili vilivyo tofauti kabisa. Kipindi cha kwanza ni kifupi: saa chache za kugandisha na kukausha. Cha pili ni kirefu: miezi au miaka ya kukaa kabatini. Mtu anayepima DNA mwishoni tu hupata jumla ya vyote viwili, na hawezi kujua arekebishe nini.

Katika kipindi cha kwanza, maji yanapoganda, chumvi zilizokuwa zimeyeyuka humo hukusanyika katika sehemu ndogo isiyoganda, na ukali wake huongezeka mara nyingi. Bafa (kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kisibadilike) ya fosfati ya sodiamu, ambayo maabara nyingi huitumia kwa mazoea, ina tatizo la pekee hapa: moja ya chumvi zake hujitenga ikawa fuwele mapema wakati wa kugandisha, na mchanganyiko uliobaki ukawa na asidi. Asidi huharakisha kung'oka kwa besi za DNA, yaani zile herufi nne zinazobeba ujumbe wake. Wakati huohuo utando wa seli unapopasuka, kalisiamu na magnesiamu hukutana na vimeng'enya vinavyokata DNA, ambavyo vinahitaji metali hizo ili kufanya kazi. Waliofanya kazi na mbegu za kiume walilijua hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakahamia kwenye bafa ya Tris iliyotiwa EGTA au EDTA, kemikali zinazozikamata metali hizo na kuvinyima vimeng'enya nyenzo. Mbegu zinazokaushwa katika bafa hizo hubaki na kromosomu zilizo katika hali nzuri zaidi. Seli za mwili, ambazo DNA yake haina kinga ya protamini, zinaihitaji hatua hii kuliko mbegu.

Kipindi cha pili kina maadui watatu wanaosaidiana: maji, joto na hewa.

Hakuna sampuli inayokauka kabisa. Asilimia chache za maji hubaki, nayo yanatosha kuendeleza hidrolisisi, mmenyuko ambao hung'oa besi za DNA na hatimaye kukata uzi wenyewe. Seli hai ya binadamu hupoteza besi zinazokaribia 10,000 kwa siku kwa njia hii na kuzirudisha, kwa sababu ina vimeng'enya vya ukarabati vinavyofanya kazi bila kupumzika. Seli iliyokaushwa haina fundi. Kila jeraha linalotokea kabatini hubaki pale lilipo, na linalofuata huongezeka juu yake, mpaka siku kiini kitakapoingizwa ndani ya yai.

Maji hufanya dhara la pili lisiloonekana. Sukari ya kinga inapokaushwa vizuri huingia katika hali ya kioo, hali ambayo molekuli zimeshikana kwa mpangilio usio wa fuwele na haziwezi kusogea. Trehalosi iliyo kavu kabisa hubaki kioo hata joto likipita nyuzi 100, na kwa hiyo joto la chumba la Dar es Salaam au Mombasa haliisumbui. Lakini unyevu kidogo ukiingia, kiwango hicho cha joto hushuka upesi, na sampuli iliyokuwa kioo Januari inaweza kuwa utomvu Julai bila lebo yake kubadilika. Ni kama dagaa waliokaushwa vizuri juani kisha wakahifadhiwa katika ghala lenye paa linalovuja: kazi ya mwanzo ilikuwa sahihi, na mali imeharibika. Katika hifadhi ya seli, paa linalovuja mara nyingi ni kizibo cha mpira. Mpira hufyonza maji unaposafishwa kwa mvuke, kisha huyaachilia polepole ndani ya kichupa kwa miezi kadhaa. Ampuli ya kioo iliyofungwa kwa moto haina tatizo hilo, na vizibo vya mpira, pale vinapolazimu, hukaushwa kwa joto kabla ya kutumiwa.

Hewa ni adui wa tatu. Oksijeni, ikisaidiwa na chembe za chuma au shaba zilizobaki katika bafa, huzalisha radikali huru, yaani chembe zenye ukali mkubwa wa kikemia, zinazoshambulia hasa guanini, mojawapo ya besi nne za DNA. Katika kitu kikavu radikali hizo zinaweza kudumu muda mrefu kuliko katika maji. Kufunga ampuli ikiwa bado katika ombwe, au baada ya kuijaza gesi isiyomenyuka, ni hatua ya dakika chache ambayo faida yake hudumu kwa maisha yote ya sampuli.

Kuhusu sukari ya kinga kuna kosa linalojirudia. Trehalosi ndiyo sukari ambayo baadhi ya viumbe vinavyostahimili kukauka huijaza mwilini. Buu la kisubi mmoja wa Afrika, anayeishi katika vidimbwi vya muda vya juu ya miamba, hujikusanyia trehalosi mpaka ikafika takriban moja ya tano ya uzito wake mkavu, akakauka, na mvua ikija akaendelea na maisha. Mfano huo umewafanya wengi waongeze trehalosi kwenye bafa na kudhani kazi imekwisha. Utando wa seli ya mnyama anayenyonyesha hauipitishi kwa urahisi. Sukari iliyoachwa nje hulinda nje, ilhali DNA iko ndani, kwa hiyo ni lazima itafutwe njia ya kuiingiza kabla ya kugandisha. Nayo glukosi haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu ni sukari inayomenyuka na protini katika hali kavu na kuziharibu, jambo ambalo trehalosi haifanyi.

Yai lilifanya kazi ya nani?

Hapa narudi kwenye bei ya uamuzi wa tatu. Yai la mnyama anayenyonyesha lina uwezo mkubwa wa kukarabati DNA, kwa kuwa kwa kawaida hupokea kiini cha mbegu ambacho hakiwezi kujirekebisha chenyewe. Kiini kilichoharibika kilipoingizwa ndani ya yai, sehemu ya majeraha yake ilikarabatiwa na yai. Kisha seli shina zikachujwa katika chombo. Kisha uhamishaji wa pili ukachuja tena. Kwa hiyo mnyama aliyezaliwa amepita vichujio vitatu, na afya yake inaeleza kuhusu vichujio hivyo angalau sawa na inavyoeleza kuhusu kabati la friza.

Sisemi hivi kwa kupunguza thamani ya kazi yao. Kama lengo ni kumpata mnyama, vichujio ni msaada, na asilimia 5.4 kwa mstari uliofanikiwa zaidi si aibu katika fani ambayo hata seli hai hutoa kloni chache. Lakini kama lengo ni kuhifadhi DNA ya mnyama kama ilivyokuwa, ukarabati wa yai unaweza kuziba mkato kwa kuacha kosa dogo nyuma yake, na uchujaji unatupatia kile kilichoweza kukua, si lazima kile kilichokuwamo. Kati ya asilimia 0.2 na 5.4 kuna tofauti ya mara 27, na tofauti hiyo peke yake inaonyesha kwamba vichupa vilivyotendewa kwa njia moja vinaweza kutoa mistari ya seli yenye hatima tofauti sana.

Kromosomu Y iliyopotea ndiyo mfano ulio wazi. Panya hao majike walikuwa na afya. Mtu aliyetazama afya na uzazi peke yake angeandika kwamba sampuli imehifadhika, na kromosomu nzima haipo. Inajulikana pia kwamba seli shina za panya zinaweza kupoteza kromosomu Y zinapolelewa katika chombo kwa muda, bila kukaushwa kamwe. Hivyo upotevu huu haumwangukii mkaushaji peke yake. Namna ya kumpata mhusika ni kuhesabu kromosomu katika kila hatua, pamoja na kundi la ulinganisho la seli zilezile ambazo hazikukaushwa, likapitishwa njia ileile hadi mwisho. Katika jamii ambayo dume wa mwisho amekwisha kufa, kupoteza Y si dosari ya pembeni. Ni kupoteza nusu ya kile ulichokusudia kuokoa.

Kilichofanikiwa na kilichobaki bila kutatuliwa

Kilichofanikiwa kwa hakika ni kuvunja dhana kwamba seli ya mwili iliyokufa kwa kukaushwa haina faida kwa uzazi. Kimefanikiwa pia kuonyesha kwamba friza ya kawaida inatosha kwa miezi 9, jambo linalobadilisha hesabu kwa taasisi zisizo na mtambo wa naitrojeni.

Hakijatatuliwa kiwango cha madhara ya siku ya kwanza, ambacho bado ni kikubwa. Miezi 9 nayo si muda mrefu kwa benki ya seli inayofikiria miaka 40. Kupima sampuli katika joto la juu kwa wiki chache na kukadiria miaka kutokana na kasi ya uharibifu kunasaidia, mradi joto hilo lisipite kiwango ambacho kioo cha sukari hulegea. Likipita, kinachopimwa ni kitu kingine kabisa. Zaidi ya hayo, njia nzima inahitaji mayai mengi mabichi. Kwa panya yanapatikana. Kwa kifaru, au kwa mnyama yeyote mwenye majike wawili waliobaki, hayapatikani, na seli zilizokaushwa zitasubiri mpaka mbinu nyingine ya kupata mayai ikamilike.

Namna kisa hiki kinavyoweza kutumika katika hifadhi zetu

Taasisi ya Afrika Mashariki inayofikiria kuanza hifadhi ya seli kavu haipaswi, kwa maoni yangu, kuanza kwa kuondoa mitungi ya naitrojeni. Seli kavu ziwe nakala ya pili, zikae katika jengo tofauti na la kwanza, ili mtungi ukikauka mnyama asipotee wote, na ili friza ikizimika nakala hai ibaki. Kwa kazi ya kusoma vinasaba peke yake, kama kutambua ukoo au chanzo cha pembe iliyokamatwa, seli kavu zinatosha hata zikiwa na majeraha mengi, kwa sababu vipande vifupi vya DNA husomeka. Kwa kazi ya kuzalisha mnyama hazitoshi bila vipimo, na ni vema lebo ya kila kichupa iseme kimetengwa kwa kazi ipi.

Vipimo hivyo si vya gharama isiyofikika. Katika kila kundi linalokaushwa, vichupa vichache vifunguliwe siku ileile, DNA yake ipitishwe kwenye jeli ya agarosi kuona kama imebaki katika bendi moja nzito au imechanika ikawa ukungu, na viini vichache vipimwe kwa jaribio la nyotamkia, ambamo DNA iliyokatika hutoka nje ya kiini kama mkia inapovutwa na umeme. Namba hiyo ya siku ya kwanza ndiyo itakayolinganishwa na ya miezi 6, ya mwaka, na ya miaka 5. Kiasi cha maji kilichobaki kipimwe pia na kuandikwa, kwa sababu sampuli mbili zenye umri mmoja na unyevu tofauti ni sampuli mbili tofauti. Vichupa vya kupima vitengwe tangu mwanzo na kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya gharama, kwa kuwa mnyama adimu hutoa seli chache na kila mtu ataona uchungu kufungua kichupa chake kwa ajili ya kipimo. Palipo na uchache wa namna hiyo, seli za mnyama wa kawaida wa jamii iliyo karibu, zikikaushwa katika mtambo uleule, siku ileile, kwa bafa ileile, zinaweza kufunguliwa kwa niaba yake.

Katika daftari la kila kichupa pawe na idadi ya kromosomu iliyohesabiwa kabla ya kukausha.